Geji ya mtungi wa gesi: nilichokiona kwa siku 43 jikoni kwangu, Mwanza

Mama mmoja anayewapikia wachukuzi chakula cha mchana karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, alinisimamisha siku moja nikipita kununua dagaa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniongoza hadi nyuma ya kibanda chake, ambako mtungi wa gesi wa kilo 15 ulikuwa umesimama juu ya matofali, na kwenye rigulata yake kulikuwa na kisahani cha kioo chenye mshale. "Mwalimu, wewe ndiye unayewafundisha watoto wetu mambo ya gesi," aliniambia. "Hiki kidude nimeuziwa nikaambiwa kitanionyesha gesi iliyobaki. Asubuhi mshale ulikuwa kwenye kijani, nikasema gesi ipo. Saa sita wali haujakauka, moto umekufa, ndipo na mshale nao ukaanguka. Sasa huu mshale unasoma nini?"

Ninafundisha kemia sekondari, na tabia za gesi na vimiminika ni mada ninayoirudia kila mwaka. Hata hivyo sikutaka kumjibu mama yule kwa maneno ya ubaoni peke yake. Nilinunua geji ya aina ileile katika duka la vifaa vya nyumbani mjini kati kwa shilingi 35,000, nikaifunga kwenye mtungi wa kilo 15 uliotoka kujazwa, nyumbani kwangu Nyegezi, na kwa siku 43, tangu mtungi ukiwa umejaa hadi moto ulipozimika wenyewe, niliandika daftarini mambo mawili kila asubuhi na kila jioni: mahali mshale ulipo, na uzito wa mtungi kwenye mizani ya kuning'iniza. Ninayoyaeleza hapa yametoka katika daftari hilo.

Kifaa chenyewe hakikutengenezwa vibaya, na ni haki kulisema hilo kwanza. Mwili wake ni wa shaba nyeupe nzito, nyuzi za kufungia zimekatwa safi, na kiringi cha mpira kinachoziba gesi kimekaa imara bila kuhitaji kukazwa kwa nguvu. Kisahani kina rangi tatu, yaani nyekundu, njano na kijani, na mshale wake ni mwembamba, unaonekana vizuri hata katika mwanga hafifu wa taa ya jikoni. Kioo hakikuingiwa na ukungu hata siku za mvua. Ndani yake kuna bomba jembamba la metali lililopindwa kama ndoano, kwa namna aliyoibuni Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849: presha ikiingia, bomba hujaribu kunyooka, na kunyooka huko ndiko kunakousukuma mshale. Kwa hiyo kifaa hiki kinapima presha, ambayo vitabu vyetu huiita kanieneo, na hakipimi kitu kingine chochote. Jina la kiwanda silitaji, kwa kuwa geji za namna hii ziko nyingi madukani na zote zinafuata kanuni moja. Tatizo liko kwenye boksi. Pale pamechorwa mitungi mitatu: mmoja umejaa na umewekwa kando ya kijani, wa pili uko nusu kando ya njano, na wa tatu ni mtupu kando ya nyekundu. Mchoro huo ndio uliomfanya mama wa Mwaloni alaze wali wake.

Mtungi wangu umegongwa kwenye shingo uzito wake ukiwa mtupu, kilo 15.4. Siku ya kwanza, ukiwa na gesi, ulikuwa na kilo 30.4, na mshale ulisimama katikati ya kijani. Siku ya 10 mizani ilisoma kilo 26.9, na mshale ulikuwa palepale. Siku ya 21 tulikuwa tumekwisha kutumia nusu ya gesi, mizani ikisoma kilo 23.0, na mshale ulikuwa umeshuka kwa unene wa ukucha, bado ukiwa ndani ya kijani. Siku ya 35 mtungi ulikuwa na kilo 18.2, maana yake gesi iliyobaki haikufika kilo 3, na mshale ulikuwa bado kwenye kijani. Asubuhi ya siku ya 41 zilibaki gramu 700, na mtu yeyote aliyeutazama mshale bila kuinua mtungi angesema gesi ipo ya kutosha. Asubuhi ya siku ya 43 mizani ilisoma kilo 15.7 na mshale ulikuwa kwenye mpaka wa kijani na njano. Mchana, ugali ukiwa jikoni, mshale uliivuka njano yote na kuingia kwenye nyekundu mbele ya macho yangu, moto ukapungua, ukawa vidoti vya buluu, ukazimika. Kati ya kilo 15 nilizozinunua, zaidi ya kilo 14 ziliondoka bila mshale kutoka kwenye kijani asubuhi hata mara moja.

Sababu yake ni kwamba kilichomo ndani ya mtungi, kwa sehemu kubwa, si gesi. Uinamishe taratibu mtungi ulio nusu na utasikia kitu kikicheza ndani kama maji ndani ya dumu. Hicho ni kimiminika. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Katika presha ya hewa ya pwani, propani huchemka kwenye nyuzi joto 42 chini ya sifuri na butani huchemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri, kwa hiyo zikiachwa wazi katika hewa ya Mwanza zote mbili zinageuka gesi mara moja. Zikifungiwa ndani ya chuma na kubanwa, zinabaki kimiminika hata siku ya joto. Faida yake ni kubwa mno: lita moja ya propani ya kimiminika ikigeuka gesi hujaza takriban lita 270, na bila kubanwa hivyo, gesi ya mwezi mmoja isingeingia ndani ya nyumba. Kiwandani mtungi hujazwa kimiminika hadi kama sehemu nne kwa tano tu za ujazo wake, kwa sababu kimiminika kikipata joto hupanuka na hakikubali kubanwa kama gesi inavyokubali. Ile nafasi ya juu iliyoachwa hujaa mvuke, na mvuke huo ndio unaoigusa geji na ndio unaokwenda kwenye jiko.

Sasa tazama kinachotokea kati ya kimiminika na mvuke ulio juu yake. Molekuli zilizo usoni mwa kimiminika huruka na kuingia kwenye mvuke, na molekuli za mvuke nazo hurudi na kuzama kwenye kimiminika. Jiko likiwa limezimwa, zinazoruka na zinazorudi hufikia kulingana, na presha hutulia mahali pamoja. Ukiwasha jiko na kuondoa mvuke kiasi, zinazorudi hupungua, zinazoruka zinaendelea kwa kasi ileile, na baada ya muda mfupi nafasi iliyoachwa imejazwa. Presha inarudi ilipokuwa. Kimiminika kilichobaki kinaweza kuwa lita 25 au lita 2, na hilo halibadilishi kitu, maadamu kipo.

Darasani hulieleza jambo hili kwa benchi la zahanati. Benchi lina nafasi ya watu kumi, na wengine wote wanasubiri chini ya mwembe. Kila mmoja anapoitwa kwa daktari, mwingine anatoka mwembeni na kukaa. Mtu anayechungulia dirishani na kuhesabu waliokaa kwenye benchi atasema "watu kumi" saa mbili, atasema "watu kumi" saa nne, na atasema "watu kumi" hata pale mwembeni atakapokuwa amebaki mtoto mmoja na mama yake. Hesabu ya benchi itaanza kushuka tu baada ya kivuli kubaki kitupu, na ikianza kushuka itakwisha upesi. Geji inahesabu benchi. Mizani inahesabu benchi na mwembe pamoja.

Mtungi wa kilo 15 una ujazo wa ndani wa karibu lita 36. Kimiminika kikiisha, mvuke unaobaki kuijaza nafasi hiyo yote, katika joto la jikoni kwetu, una uzito wa kama robo kilo tu. Kuanzia hapo mvuke hauna tena akiba ya kuujaza, presha inashuka kadiri unavyoutumia, na geji kwa mara ya kwanza inasema kweli kuhusu kiasi. Ndiyo maana daftari langu linaonyesha mshale ukiporomoka katika gramu 300 za mwisho. Kwa familia ya watu watano hiyo ni gesi ya siku moja isiyotimia. Kwa mama wa Mwaloni, mwenye jiko kubwa na sufuria ya kilo kumi za mchele, haifiki hata saa moja. Onyo lilimfikia wakati sufuria iko motoni. Nilipima pia baada ya moto kuzimika kabisa na kukuta mizani inasoma kilo 15.5, si 15.4, kwa sababu ndani ya mtungi unaoitwa mtupu hubaki mvuke wenye presha sawa na ya hewa ya nje, ambao hauna tena cha kuusukuma kwenda jikoni.

Kushuka kidogo kwa mshale katika wiki tatu za kwanza nako kuna sababu yake, na kunaweza kumpotosha mtu makini. Propani huruka kwa wepesi kuliko butani. Katika nyuzi joto 25, mvuke wa propani tupu unasukuma kwa presha ya karibu kilopaskali 950, na wa butani tupu kwa karibu kilopaskali 240. Mchanganyiko unapotumika, mvuke unaotangulia kutoka una propani nyingi, na kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa cha butani siku baada ya siku, kwa hiyo presha nayo inapungua polepole. Ungeweza kufikiri kwamba mtu angejifunza kusoma kiasi kutokana na mteremko huo mdogo. Nilijaribu, na nikashindwa, kwa sababu joto la mchana lina nguvu kuliko mteremko huo. Jiko letu liko kwenye kibaraza cha bati. Saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa ziwa ukiwa bado una ubaridi, mshale ulikuwa chini. Saa nane mchana, bati likiwa limepata moto, mshale ulikuwa umepanda, na katikati ya saa hizo hakuna aliyewasha jiko wala kuongeza gesi. Mvuke wa propani ukipanda kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 28, presha yake huongezeka kwa zaidi ya robo. Mtu anayeisoma geji hiyo kama kipimo cha kiasi angelazimika kuamini kwamba mtungi wake umejijaza wenyewe wakati wa chakula cha mchana.

Kuna udanganyifu wa pili unaokwenda upande wa pili, nao nilikutana nao siku ya 30, tulipochemsha maharage kwa saa mbili mfululizo kwenye moto mkubwa. Mshale ulishuka hadi ndani ya njano, na mke wangu alikuwa tayari kumwita kijana wa bodaboda alete mtungi mwingine. Mizani ilisema bado tuna zaidi ya kilo 4. Kimiminika hakigeuki mvuke bure. Kila kilo moja ya propani au butani inapovukizwa huchukua joto la karibu kilojuli 350, ambazo zinatosha kuifikisha lita moja ya maji ya bomba kwenye kuchemka hapa kwetu, ambako ziwa lenyewe liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 96. Joto hilo linatolewa kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma cha mtungi. Jiko likiwaka kwa muda mrefu, mtungi unapoa kuliko unavyopata joto kutoka hewani, na kimiminika kilichopoa kina mvuke wenye presha ndogo. Tulizima jiko, tukala, na baada ya saa moja mshale ulikuwa umerudi kwenye kijani.

Siku hiyohiyo ya maharage mtungi wenyewe ulitupa kipimo ambacho geji haikukitoa. Nje ya chuma, kuanzia chini, palikuwa na umande mwembamba, na umande huo ulikoma kwenye mstari ulionyooka karibu na theluthi ya kimo cha mtungi. Juu ya mstari chuma kilikuwa kikavu. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na sehemu ya chuma iliyogusana na kimiminika kilichopoa ndiyo iliyougeuza unyevu huo kuwa matone. Nilipitisha kiganja kutoka juu kwenda chini na kuuhisi mpaka: vuguvugu, kisha baridi ghafla. Wanawake wengi wa mtaani kwetu wanaujua mpaka huo kwa njia nyingine, ya kumwagia kikombe cha maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi na kupapasa mahali panapobaki baridi. Njia hiyo ni sahihi na haina gharama, mradi maji yawe ya uvuguvugu tu, kamwe yasiwe yanayochemka, na mtungi usisogezwe karibu na moto kwa ajili ya kupashwa.

Nilirudi dukani kumweleza kijana aliyeniuzia. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa hoja ambayo sikuitarajia na ambayo inastahili jibu kamili. "Mzee wangu," alisema, "mbona hospitali wana geji kwenye mitungi ya oksijeni, na wanajua kabisa imebaki kiasi gani?" Ni kweli, na wako sahihi. Lakini oksijeni ndani ya mtungi wa hospitali ni gesi tupu, hakuna kimiminika chini yake. Gesi tupu katika joto lisilobadilika hufuata kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662: presha na ujazo huenda kinyume, kwa hiyo ndani ya chuma kisichobadilika ukubwa, nusu ya gesi ni nusu ya presha, na robo ya gesi ni robo ya presha. Geji ya muuguzi inasema kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Oksijeni haiwezi kukaa kama kimiminika katika wodi hata ukiibana namna gani, kwa kuwa kila gesi ina joto ambalo ukilivuka hakuna presha itakayoigeuza kimiminika. Thomas Andrews alilithibitisha hilo mjini Belfast kwa hewa ukaa, akalitangaza mwaka 1869. Kwa oksijeni mpaka huo ni karibu nyuzi 118 chini ya sifuri. Kwa hewa ukaa ni nyuzi 31. Kwa propani ni karibu nyuzi 97, na kwa butani ni nyuzi 152. Jiko la Mwanza liko juu sana ya mpaka wa oksijeni na chini sana ya mipaka ya propani na butani. Mitungi miwili inayofanana kwa macho inabeba vitu vya tabia mbili tofauti.

Nilimwonyesha kijana yule mfano uliokuwa ukutani mwa duka lake. Alikuwa na vizima moto viwili: kimoja cha unga, chenye geji ndogo, na kimoja cha hewa ukaa, kisicho na geji yoyote. Cha hewa ukaa hukaguliwa kwa kupimwa uzito, kwa sababu ndani yake kuna kimiminika na mvuke, kama ilivyo kwa gesi ya kupikia. Aliviangalia kwa muda, akaniuliza kwa nini basi waliotengeneza boksi la geji wakachora mitungi mitatu. Sikuwa na jibu la kumtetea aliyechora.

Liko jambo linaloniuma zaidi kuliko wali uliolala. Miezi kadhaa kabla ya jaribio hili, muuzaji mmoja aliniletea mtungi uliokuwa umepungua kilo 2.3, na niligundua tu kwa sababu nilikuwa nimeazima mizani kwa shughuli nyingine. Laiti ningekuwa na geji wakati ule, mshale ungesimama kwenye kijani na ningelipa nikiwa nimetulia. Mtungi wenye kilo 9 na mtungi wenye kilo 15, vikiwa na mchanganyiko uleule na joto lilelile, vinampa mshale presha ileile. Kwa hiyo mnunuzi anayeitegemea geji hana ulinzi wowote dhidi ya kupunjwa, na pengine yuko katika hali mbaya kuliko asiye na kitu, kwa sababu ameacha kuuliza.

Baada ya kusema hayo, ni lazima niseme kazi ambayo geji hii inaifanya vizuri, nayo si kazi ndogo. Funga vifungulio vyote vya jiko, fungua mtungi, uache mshale upande, kisha funga mtungi na usubiri robo saa. Sasa kati ya valvu na jiko kuna mvuke kidogo tu uliofungiwa, bila kimiminika cha kuujaza, na hapo kanuni ya Boyle inatawala: gesi ikitoroka hata kidogo, mshale utashuka. Nilijaribu kwa kulegeza makusudi kibano cha mpira upande wa jiko, nje kwenye hewa ya wazi, na mshale ulianguka katika dakika chache. Nilipokikaza tena, ulisimama palepale kwa robo saa nzima. Povu la sabuni lilinionyesha mahali penyewe pa kuvuja, lakini geji ndiyo iliyoniambia kwamba pa kutafutwa papo. Kwa nyumba yenye mpira uliozeeka hii ni huduma inayostahili bei yake.

Uvujaji wa gesi hii unataka uangalifu wa pekee kwa sababu ya uzito wake. Molekuli ya propani ina uzito wa 44 na ya butani 58, hali wastani wa hewa ni karibu 29, kwa hiyo gesi inayovuja haipandi kwenda kwenye dari kama moshi. Hushuka sakafuni, hutambaa, na hujikusanya mahali palipo chini. Vyumba vingi vya Mwanza vimejengwa kwenye miteremko ya mawe, jiko likiwa ngazi moja au mbili chini ya sebule, na dirisha pekee likiwa juu karibu na bati. Mahali kama hapo mlango wa chini ufunguliwe kwanza, na pasiguswe swichi ya taa. Harufu unayoisikia si ya gesi yenyewe, kwani propani na butani hazina harufu; ni ya ethanithioli, inayotiwa humo kwa makusudi kidogo sana ili pua itahadhari. Kwa kuwa hiyo huvukizwa kwa shida kuliko butani, sehemu yake kubwa hubaki nyuma kwenye kimiminika, na ndiyo maana mtungi unaokaribia kuisha hunuka zaidi. Daftari langu lina neno "harufu" siku ya 41, siku mbili kabla ya mshale kusema lolote.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama kifaa cha kugundua uvujaji, geji hii ni imara, inasomeka na ninaipendekeza. Kama kipimo cha gesi iliyobaki, haifai, na mchoro wa kwenye boksi lake unapaswa kuondolewa. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue mizani ya kuning'iniza ya kidijitali inayofika kilo 50. Yangu niliipata kwa shilingi 18,000, chini ya bei ya geji, na inasoma hadi gramu 10. Asome uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo au kwenye vishikio, aupime mtungi mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, atoe, na kinachobaki ndicho alichonunua. Muuzaji anayekataa mtungi wake usipimwe, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Mtungi unapopimwa uwe umefungwa, rigulata imetolewa, na watu wawili wauinue, kwa kuwa kilo 30 si mzigo wa mkono mmoja.

Mama wa Mwaloni hakuhitaji hata kununua. Nilipomrudia na daftari langu, nikamweleza habari ya benchi na mwembe, alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana wa jirani anayeuza sangara. "Mwanangu, nipimie na huu," alimwambia. Kijana aliutundika mtungi kwenye mizani yake ya samaki, sindano ikatetemeka na kutulia kwenye kilo 21. Mama alisoma namba iliyogongwa kwenye shingo, kilo 15 na nusu, akahesabu kwa vidole. "Tano na nusu," alisema. "Leo, kesho, na keshokutwa mchana." Akachukua kipande cha mkaa na kuiandika siku hiyo kwenye ubao wa kibanda, juu kidogo ya bei ya wali na samaki.